Makofi Mliyompigia Mwenyekiti

Siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na harusi yangu niliipenda. Nilikuwa jikoni kwangu hapa mtaa wa Bertrams, huku kusini mwa Afrika, nakaanga sambusa za Ijumaa, na mjukuu wangu Hadija ametandaza vitabu vyake kwenye meza ileile ninayokunjia sambusa. Nikamwambia aviondoe. Hakuviondoa. Akaninyanyulia kimoja mpaka puani.

"Bibi, tazama huyu."

Nikatazama. Mwanaume mnene, mashavu yamemjaa, na nywele za mawimbi zimemshuka mpaka mabegani.

"Nani amemsuka? Hizo si zake."

Hadija akacheka mpaka akashika meza. "Ni wigi, Bibi. Wakubwa wa Uingereza zamani walivaa."

"Angekwenda mjini saluni kwa mama yako, angemshonea zuri kuliko hilo."

Ndivyo tulivyojuana na mtu huyo, mwanangu. Jina lake lilinishinda ulimi, nikamwita Bwana Nywele, na kwangu jina ni hilo mpaka leo. Usinicheke. Mimi shule niliisikia kwa jirani tu, na karne ya kumi na saba sijui inaanzia wapi inaishia wapi. Lakini mtu nikielezwa alivyoishi, namjua.

Na ujue kwamba siku hiyo moyo wangu ulikuwa na moto kuliko karai. Joselina alikuwa amelala mochari, na mwenyekiti wa chama chetu amekataa asizikwe na sisi.

Joselina alikuwa fundi cherehani, Mrundi mwenzetu, chumba chake kilitazamana na changu. Mjane, mtoto hakujaliwa, ndugu zake wote wako nyumbani. Mwaka ule wa 2008 watu walipoingia barabarani na marungu kuwatafuta wageni, mimi nilikuwa mjini, nimekwama. Hadija alikuwa bado mdogo. Joselina alimlaza chini ya cherehani, akamfunika kwa lundo la nguo za wateja, akaendelea kushona juu yake kama mtu asiye na habari. Mtoto alisikia sindano ikigonga juu ya kichwa chake, tak tak tak, mchana kutwa. Huyo ndiye Joselina.

Na mchana huohuo, mlangoni pa jengo letu, alisimama Mzee Salvator. Alikuwa mlinzi, Kizulu anakijua kama maji. Aliwaambia wale watu, "Humu hamna mtu, nimefunga mwenyewe," na akakaa juu ya ngazi akiwatazama machoni mpaka wakachoka. Wangemkata. Hakuondoka. Ndiyo maana tulimfanya mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, na nitamchapa kwa kiatu atakayesema hakustahili.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tulimsifu, tulimsifu, mpaka akahama na mkutano. Tulikuwa tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa, kila mtu na kiti chake. Akauhamishia sebuleni kwake Rosettenville, yeye kwenye kochi, sisi chini kwenye zulia. Akatafuta na fimbo. Kwetu Burundi fimbo ile ni ya waamuzi, intahe tunaiita, na anayeishika anakula kiapo mbele ya watu kwamba atasema haki hata ikimwangukia yeye. Mzee Salvator hakula kiapo chochote. Aliigonga chini tu, na ikigongwa, watu wanapiga makofi. Akisema mvua itanyesha, makofi. Akikohoa, makofi.

Joselina peke yake alisimama siku moja, akauliza, "Mzee, kwa nini tunakaa chini? Chama hiki ni chako au ni chetu?" Fimbo ikagongwa. "Mwanamke huyu amejitoa chamani." Makofi. Mimi siku hiyo sikuwapo, nilikuwa na homa. Haikuchukua muda mrefu, Joselina akaugua kifua, akafa. Wakaenda kumuuliza mwenyekiti mazishi ni lini, naye akajibu, "Aliyejitoa kwa mdomo wake, azikwe na mdomo wake."

Nao wakapiga makofi. Juu ya maiti! Mwanangu, nimeona mengi, nimekimbia vita, lakini hilo sikuwahi kuliona. Mgeni katika nchi ya watu ana kitu kimoja tu cha hakika, kwamba siku akifa, kuna mikono itakayomtia udongo. Ukimnyima hicho umemfukuza mara ya pili.

Sasa rudi jikoni.

Hadija alikuwa na kazi ya shule, aeleze maisha ya Bwana Nywele na aseme kama mtu huyo alikuwa sahihi. Nikamwambia anisimulie, nikiwa nageuza sambusa. Kiswahili anakisikia chote, akizungumza anachanganya, nami nakupa kwa maneno yangu.

Bwana yule alikuwa mbunge. Mfalme wake alikuwa anatoza watu kodi bila kuwauliza, na mahakimu wanamwogopa. Bwana Nywele akasimama bungeni akasema hapana, hii si haki. Wenzake wakampenda. Lakini wenzake hawakuishia hapo, walitaka na jeshi, na kanisa, na mwisho walitaka na kichwa cha mfalme. Bwana Nywele akasema, "Mimi nilitaka atengenezwe, sikutaka avunjwe." Akahamia upande wa mfalme, na siku hiyo upande wa mfalme ulikuwa hauna faida. Vita ikapigwa. Mfalme akashindwa, wakamkata shingo hadharani. Bwana Nywele akawa mkimbizi ng'ambo ya bahari pamoja na mtoto wa mfalme, miaka na miaka, wakati mwingine hata kuni za kuota hana.

"Mkimbizi?" nikauliza. "Mzungu?"

"Mkimbizi kabisa, Bibi. Kama sisi."

Nikapunguza moto nisikie vizuri.

Basi watu kule kwao wakachoka, wakamwita mtoto wa mfalme arudi, na Bwana Nywele akarudi naye, akawa mkubwa kuliko wakubwa wote. Na mfalme kijana alipenda raha. Wanawake, mbwa, michezo. Bwana Nywele akawa anamwambia, kila siku anamwambia, wewe umekaa kiti ambacho baba yako alikifia, amka ufanye kazi. Vijana wa nyumba ya mfalme wakamchoka mzee. Wakabuni mchezo. Mmoja alibeba mvukuto mbele, mwingine akabeba koleo la moto begani kama ndiyo fimbo yake ya cheo, wanatembea wakimwigiza, tumbo mbele. Na mfalme akacheka.

"Akacheka?"

"Alicheka sana."

Mwisho wakamfukuza, akarudi ukimbizini mtu mzima, na miguu inamuuma. Aliomba aruhusiwe kurudi akafie nyumbani. Hawakumjibu. Akafia huko.

Nilikuwa nimeacha kukaanga. Sambusa moja iliungua, naikumbuka, nyeusi kama kisigino.

"Na wewe umeandika nini?" nikamuuliza. "Alikuwa sahihi au hakuwa?"

"Eish, Bibi. Nimeandika ni luza. Alishindwa pande zote mbili. Wale wa bunge walimchukia, mfalme akamtupa. Angekaa kimya, si angekufa kwake?"

Mwanangu, nilimpenda mtoto yule siku alipozaliwa, na nampenda hadi sasa, anaongoza darasani, walimu wananiita kunisifia. Lakini siku hiyo mkono uliniwasha. Sikumpiga. Nilikaa kwenye stuli, kwa sababu nilimsikia baba yangu.

Nilikuwa kama Hadija, pengine mdogo kidogo, kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura. Nchi ilikuwa na mfalme bado, Mwami, na baba yangu alikuwa mtu wa Mwami. Si mtu mkubwa. Alikuwa mjumbe wa mtaa, anawasemea Waswahili wa Buyenzi kwa wakubwa. Picha ya Mwami tuliitundika juu ya mlango, na kila asubuhi baba aliifuta vumbi kwa kanzu yake. Siku moja akaja bwana mmoja ndani ya gari, akatangaza kwa jina la Mwami kwamba vibanda vya mboga vya wanawake vibomolewe, barabara ipanuliwe, kuna sherehe. Mtaa mzima wakapiga makofi, hata waume wa wale wanawake. Baba yangu alikunja mikono. Akasema, "Bwana, kamwambie Mwami kwamba mtu wake wa Buyenzi anasema jina lake limetumiwa vibaya leo. Wanawake hawa wanamwombea kila Ijumaa. Asiwabomolee."

Vibanda vikabomolewa hivyohivyo. Na baba akavuliwa ujumbe jioni ileile.

Mimi nililia kwa hasira. Nikamwambia, "Baba, kwa nini hukupiga makofi kama wenzako? Makofi yana gharama gani?" Na baba yangu, mtu mpole, aliyekuwa hajawahi kuninyooshea kidole, akanishika sikio akalivuta mpaka nikasimama kwa vidole vya miguu.

"Mwajuma," akasema, "mfalme asiye na mtu wa kumwambia umekosa, hana watu. Ana kelele tu."

Akaniachia. Sikuelewa. Nilielewa baadaye, siku askari walipomwondoa Mwami. Walewale waliopiga makofi vibanda vilipobomolewa walitoka barabarani kuwapigia askari makofi, na viganja ni vilevile. Wakaja nyumbani kumwambia baba ashushe picha, aitemee mate. Aliishusha. Akaifunga kwa kitambaa cheupe, akaiweka chini ya godoro, akawaambia, "Nilimkatalia alipokuwa na nguvu. Nimkane leo hana? Nitakuwa mbwa wa nani?"

Basi nikamsimulia Hadija hayo yote pale jikoni. Akasema, "Babu mkuu alikuwa Bwana Nywele."

"Bila wigi," nikasema.

Na nikazima jiko. Sambusa nusu hazijakaangwa. Nikauchukua mwiko wangu wa pilau za harusi, ule mrefu kama mkono wa mtu, nikamwambia Hadija afunge vitabu twende Rosettenville, leo Ijumaa jioni kuna mkutano.

"Bibi, mwiko wa nini?"

"Wale vijana si walibeba koleo? Basi."

Tukapanda teksi. Watu walinitazama na mwiko wangu, dereva akauliza kwa Kizulu kama gogo, yaani bibi kwa lugha yao, anakwenda kumpiga mkwe. Nikamwambia Hadija amjibu kwamba kama ana nafasi, aje ashuhudie.

Sebule ilikuwa imejaa. Mzee Salvator kwenye kochi, fimbo magotini. Nikaingia, sikukaa kwenye zulia. Nikagonga mwiko chini mara moja, ko! Watu wakageuka. Kuna kijana mmoja muuza mashati wa mjini, mdomo wake hauna mlango, akasema, "Bibi Mwajuma, umekuja kutupikia mkutano?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mwenyekiti akacheka. Nilimwona, alicheka, na moyo wangu ukasema, ndicho hiki, kicheko kilekile cha yule mfalme.

"Sikuja kupika," nikamwambia yule kijana. "Mmepika wenyewe, mmeunguza. Nimekuja kupakua, muone mnachokula."

"Gogo, kaa chini!" akasema mwingine.

"Chini nitakwenda nikifa, na kwa chama hiki sijui hata kama mtanipeleka."

Kicheko kikakatika. Mzee Salvator akainua fimbo ili agonge. Nikamwambia, "Mzee, usigonge kwanza. Mimi ni mtu wako. Yule mchana uliposimama mlangoni na maisha yako mkononi, niliapa kwamba nitakuwa mtu wako, na sijajitoa. Lakini mchana uleule, wewe ulipokuwa nje unafunga mlango, Joselina alikuwa ndani anamficha mjukuu wangu chini ya cherehani. Mlikuwa kazi moja! Wewe mlango, yeye cherehani. Leo unasema si mwenzetu kwa sababu aliulizia kiti? Wale wenye marungu walitaka tusiwe na pa kuishi. Wewe unataka tusiwe na pa kufia? Umekosa, Mzee wangu. Umekosa vibaya, na hawa wote wanajua umekosa, na wamekupigia makofi kwa sababu hawakupendi. Angekupenda mmoja, angekuambia."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Salvator alinitazama kama wale aliowatazama juu ya ngazi. Kisha akagonga fimbo.

"Huyu naye amejitoa," akasema.

Na viganja, mwanangu! Viwili vitatu vikaanza kupigwa, vya uvivu, vikafa vyenyewe. Hadija akanishika mkono tukatoka.

Tulimzika Joselina Jumamosi. Kwetu Waislamu mwanamke hafuati jeneza mpaka kaburini, najua, na imamu wangu alininunia, Mungu ananijua. Nilidhani tutakuwa mimi, Hadija, na binti yangu aliyefunga saluni. Husemwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, lakini watu walianza kuja mmojammoja, kila mtu anajifanya amepita tu. Muuza mashati alikuja. Hakunitazama. Alivua koti akashika koleo, akachimba mpaka shati likalowa.

Na nje ya uzio wa makaburi, gari la Mzee Salvator. Amekaa ndani, kioo kimefungwa.

Watu wakaanza kunong'ona, wengine kumtukana. Mimi nikainama nikachota udongo wa Joselina kwa kiganja, nikatoka nao, nikagonga kioo. Akakiteremsha.

"Mzee, toa mkono."

Akatoa mkono. Nikamwagia udongo kiganjani, na kile ndicho kiganja cha kwanza nilichokiona kwa muda mrefu kisichopiga makofi. Nikageuka nikarudi zangu. Sikumngoja. Baadaye nikasikia mlango wa gari, na nyayo zake nyuma yangu kwenye kokoto, bila fimbo. Akafika, watu wakampisha, akautia udongo wake, akasema kwa Kirundi neno ambalo sikulisikia, na halikuwa langu.

Ungedhani yameisha vizuri. Hayakuisha. Mpaka leo jina langu halijarudi chamani, na Mzee Salvator ananisalimia kwa kope. Hawezi kunisamehe kwamba nilimwona. Sawa. Lakini kinachonichoma si hicho. Wiki iliyofuata walikuja kwangu watu watano sita, wakakaa jikoni wakala sambusa zangu, wakasema, "Bibi, tumng'oe yule mzee. Ulimweleza vizuri. Wewe ongoza, sisi tuko nyuma yako." Nikawatazama viganja. Vilevile! Vilivyompigia Salvator juu ya maiti, leo vinataka kunipigia mimi. Nikawafukuza kwa mwiko, na yule muuza mashati hakuwamo. Mimi sikutaka kochi la mtu. Nilitaka Joselina azikwe.

Na kila Ijumaa nampelekea Mzee Salvator sambusa. Hadija ndiye anayebeba. Mzee anazila; sahani inarudi tupu, imeoshwa. Na kila nikisikia amekosa tena, naongeza ujumbe juu ya sahani: mwambie Mzee, bibi anasema hapo umekosa. Hadija anafikisha neno kwa neno, tena mbele ya wageni wake. Kazi yake ya shule aliifuta akaiandika upya. Sikumuuliza aliandika nini. Alinisomea mstari mmoja tu, akiugeuza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: kwamba mtu huyo hakushindwa pande mbili, ila pande zote mbili zilimpoteza.

Mwanangu, nisikilize sasa, wewe kijana unayesimama nyuma ya mkubwa fulani kanisani, msikitini, chamani, kazini. Ukimpenda, mwambie. Mwambie akiwa na nguvu, usoni, si jikoni kwa watu. Akikufukuza, ondoka, lakini usiende kumnolea panga pamoja na waliokuwa wakimlamba. Na siku akianguka, wakimtemea mate wote, wewe kunja mikono, kama ulivyoikunja walipompigia makofi. Utapata hasara. Simdanganyi mtu, baba yangu alipata hasara, Bwana Nywele alifia ugenini, na mimi sina wa kunizika kwa chama. Lakini viganja vyangu ni visafi, navitazama nikitawadha, na sivionei haya.

Mungu akupe ulimi usiouzwa na mkono usiokimbia koleo. Akupe mkubwa anayesikia, na akikunyima huyo, akupe moyo wa kumwambia hivyohivyo. Na siku yako ikifika, iwe mbali, iwe mbali sana, wasikosekane watu wa kukutia udongo. Amina.